Mwanangu, Mtaje Yesu Kwanza

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi huku tu wazima, na bibi yako anakuombea kila siku.

Nimefurahi kwamba huko Iringa unashiriki maombi na wanafunzi wenzako na kwamba unaisoma Biblia kwa bidii, wala sipendi barua hii ikupunguzie moto huo hata kidogo. Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyomwambia shangazi yako msibani, alipokuwa ameketi jikoni na wanawake wenzake wakimenya ndizi. Ulimuuliza mbele ya watu kama ana hakika ya wokovu wake, kisha ukamwambia kwamba ubatizo wa utotoni na rozari aliyoivaa havitamfikisha mbinguni. Hakukujibu. Aliendelea kumenya, lakini niliyekuwa mlangoni niliona maganda yakikatika vipande vipande, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka.

Linaloniuma zaidi, mwanangu, ni kwamba katika maneno yote uliyoyasema mle jikoni hukumtaja Yesu hata mara moja. Uliutaja ubatizo, ukaitaja rozari, ukalitaja kanisa lenu, na mfiwa aliyekaa pale akihitaji kusikia habari za ufufuo hakuzisikia kwako.

Najua utanijibu kwamba Paulo naye alikemea. Ni kweli, na hapo ndipo ninapotaka utulie usome vizuri. Katika Wagalatia anasema kwamba hata malaika akihubiri injili nyingine, na alaaniwe. Lakini katika Wafilipi, akiwa kifungoni, anasikia kwamba wako wanaomhubiri Kristo kwa husuda ili kumwongezea dhiki, naye anasema anafurahi, maadamu Kristo anahubiriwa. Ni mtu yule yule. Kule Galatia msingi wenyewe ulikuwa umeguswa, kwa maana watu waliambiwa kwamba kumwamini Kristo hakutoshi mpaka watahiriwe, ilhali wale anaowataja katika Wafilipi, waliokosea nia, hawakuwa wameubadilisha ujumbe. Na Warumi walipobishana kuhusu vyakula na siku, aliwauliza wao ni nani hata wamhukumu mtumishi wa mwingine. Kwa hiyo, kabla hujafungua kinywa, jiulize kwanza jambo unalotaka kulikemea liko wapi kati ya hayo.

Sikuambii kwamba mafundisho ni mamoja tu. Mtu anayewauzia wagonjwa maji na mafuta kwa ahadi ya uponyaji ameigusa injili yenyewe, na huyo usimnyamazie. Ubatizo wa watoto ni suala zito, nami nina msimamo wangu, na tutaketi tuuzungumze, Biblia ikiwa mezani. Lakini shangazi yako hukiri kanisani kwake kwamba Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu na akafufuka siku ya tatu, katika imani ile ile iliyoungamwa na mitaguso ya kanisa la kale huko Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, ambayo sisi Wamoravian nasi tunaikiri. Utamwitaje mpagani?

Hata historia ya kanisa lililokulea ingepaswa kukuonya. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa misheni ya Berlin, Ujerumani, wakaingia katika nchi hii hii ya Wanyakyusa. Wakakubaliana mipaka, Wamoravian wakafanya kazi upande wa magharibi na wale wa Berlin mashariki. Babu zetu wengi waliitwa Wamoravian au Walutheri kufuatana na upande walikoishi, na injili waliyoisikia ilikuwa moja. Wamoravian wenyewe, kule Herrnhut, Ujerumani, waligombana juu ya ibada na mafundisho hata mmoja wao akamwita Zinzendorf, aliyewapa mahali pa kuishi, mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Walipatanishwa kwenye Meza ya Bwana tarehe 13 Agosti 1727. Miaka mitano baadaye wakawatuma wamisionari wao wa kwanza kwa watumwa wa visiwa vya Karibi, na sidhani wangekwenda popote kama wangeendelea kupimana wokovu nyumbani.

Ukifunga chuo, nakuomba ufike kwa shangazi kabla ya kwenda kwenye mkutano wenu. Usiende na hoja. Mwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya wenzake, kisha mwombe akusimulie jinsi alivyomwomba Mungu miaka ile mume wake alipokuwa kitandani, msikilize mpaka amalize, na mkisha kuzungumza someni pamoja habari za ufufuo katika Yohana sura ya 20. Nauli nitakutumia mwisho wa mwezi.

Ni mimi baba yako nikupendaye.