Barua kwa Zainabu kuhusu gari linalozimika mwendoni

Mpendwa Zainabu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, nami nimeirudia kuisoma kwa sababu jambo unalolieleza si dogo: gari kuzimika likiwa mwendoni, usukani kuwa mzito ghafla, taa zote za dashibodi kuwaka kwa pamoja, kisha gari kuwaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Nashukuru kwamba uliweza kulisogeza pembeni mwa barabara ukiwa mzima. Kilichonikera zaidi ni jibu ulilopewa na waliokuuzia, kwamba wewe ndiye wa kwanza kulalamika, na kwamba huenda uliugusa ufunguo kwa goti.

Naanza na hilo. Kauli ya kwamba wewe ni wa kwanza haithibitishi chochote, hata kama anayeitamka anaiamini. Mteja mmoja anayelalamika dukani huonekana kuwa mtu mwenye bahati mbaya tu, na malalamiko yake yakiishia mdomoni, anayemfuata naye ataambiwa kuwa ni wa kwanza. Kasoro ya kiwandani hujulikana kwa kufanana: magari ya aina moja, yaliyotengenezwa katika kipindi kimoja, yanaharibika kwa namna moja mikononi mwa watu wasiofahamiana kabisa. Kufanana huko hakuna anayekuona mpaka taarifa zikutane mahali pamoja, na ndiyo maana nakusihi uandike, tena uiandikie mamlaka inayosimamia usalama wa magari pamoja na kampuni iliyolitengeneza gari, wala usimwachie muuzaji peke yake jambo hili.

Kuhusu hilo goti, kuna kisa ambacho ningependa ukifahamu vizuri. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita yarudi kutengenezwa magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia gari. Springi ndogo iliyomo ndani ya swichi, ambayo kazi yake ni kuushikilia ufunguo usitoke mahali pake, ilikuwa dhaifu, hivyo uzito wa shada la funguo, mtikisiko wa barabara au goti la dereva viliweza kuugeuza ufunguo gari likiwa kasi. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, breki zikapoteza msaada wake, na baya kuliko yote, mifuko ya hewa, ile inayojaa ghafla kumkinga aliyeketi, haikufunguka gari lilipogonga, kwa kuwa umeme wake ulikuwa umekatika. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Wahandisi wa kampuni hiyo walikuwa wamejua kwa miaka mingi kwamba magari yanazimika, lakini walilipanga tatizo hilo katika kundi la usumbufu kwa mteja, si katika kundi la usalama. Kwa hiyo dereva akiambiwa kwamba aliugusa ufunguo kwa goti, swali linalofuata ni hili: ni swichi gani hiyo inayoruhusu goti lizime gari barabarani? Binadamu ana magoti, na aliyesanifu gari alipaswa kulijua hilo.

Kisa hicho kina jambo jingine linalokuhusu moja kwa moja. Swichi iliyoboreshwa ilikwisha kuidhinishwa mwaka 2006, ikaanza kufungwa katika magari mapya bila namba ya kipuri kubadilishwa, na kwa sababu hiyo mtu aliyetazama karatasi peke yake hakuweza kutambua kwamba kulikuwa na swichi mbili tofauti. Ukweli ulijitokeza pale mtaalamu aliyekuwa akichunguza gari lililopata ajali alipoichukua swichi ya zamani na swichi mpya akazilinganisha kwa vipimo. Ndiyo maana nakuomba, Zainabu, fundi akikibadilisha kifaa chochote katika gari lako, kile cha zamani usikiache gereji. Kitie katika mfuko, andika tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo, ukihifadhi pamoja na risiti. Vivyo hivyo, fundi mwenye kompyuta ya kupimia magari asome kwanza misimbo ya hitilafu, yaani alama ambazo kompyuta ya gari huhifadhi tatizo likitokea, na akupe nakala yake kabla ya kuifuta, kwa maana msimbo ukishafutwa, kumbukumbu ya kile gari lilichokiona wakati wa kuzimika hupotea nayo.

Sasa kuhusu uandishi wenyewe. Taarifa itakayosomwa kwa uzito ni ile ambayo mhandisi asiyekujua anaweza kuiweka kando ya taarifa nyingine na kuona kama zinafanana. Ukiandika kwamba gari lako ni bovu na linahatarisha maisha, umesema kweli, lakini hujampa kitu cha kulinganisha. Ukiandika kwamba ulikuwa ukiendesha kwa kilomita 80 kwa saa katika barabara kavu iliyonyooka, bila kukanyaga breki wala kubadili gia, kisha injini ikazimika na usukani ukawa mzito, ukasimama, ukaurudisha ufunguo nyuma na gari likawaka papo hapo, umempa karibu kila anachokihitaji. Ongeza aina ya gari, mwaka wake, kilomita lilizokwisha kutembea, na namba ya chesisi, ambayo kwa magari ya kisasa huwa na herufi na tarakimu 17 na huonekana chini ya kioo cha mbele upande mmoja au kwenye nguzo ya mlango. Namba hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu humwonyesha mchunguzi ni kiwanda gani kililiunganisha gari na ni la mwaka gani, na pengine ndiyo itakayoonyesha kwamba magari yote yenye kasoro yamefuatana katika kutengenezwa.

Tenganisha ulichokiona na unachokishuku. Andika uliyoyaona bila kuyapamba, kisha, ukipenda, sema kwamba fundi wako anashuku swichi au waya fulani. Najua hasira uliyonayo, na ni haki yako, lakini tukio moja likikuzwa kuliko lilivyokuwa, hata yale mengine ya kweli huanza kutiliwa shaka. Na kama limekutokea zaidi ya mara moja, kila tukio lipate maelezo yake.

Huenda ukaulizwa kama hili si uchakavu wa kawaida. Breki zikiisha baada ya matumizi, betri ikizeeka, kiyoyozi au redio vikiacha kufanya kazi, hayo si mambo ya kuitia magari yarudi. Kinachohesabiwa ni kasoro iliyomo katika usanifu au utengenezaji, inayoweza kusababisha ajali au kuzidisha madhara yake, mathalani usukani, mafuta yanayovuja, mikanda ya viti, au injini inayozimika bila onyo. Tatizo lako limo humo waziwazi.

Taarifa yako itafanya nini ikishafika? Marekani, ambako sheria ya usalama wa magari ni ya mwaka 1966, mamlaka iitwayo NHTSA hupokea malalamiko ya mtu yeyote, huyapanga kwa aina ya gari na sehemu iliyoharibika, na ikiona yanajirudia huweza kufungua uchunguzi na kuidai kampuni nyaraka zake. Kampuni ikishathibitisha kwamba kuna kasoro ya usalama hupewa siku 5 za kazi kuitaarifu mamlaka hiyo. Raia anaweza pia kuwasilisha ombi rasmi la kutaka uchunguzi ufunguliwe, na sheria inataka ombi hilo likubaliwe au likataliwe ndani ya siku 120. Uingereza kazi kama hiyo hufanywa na mamlaka iitwayo DVSA. Pasipo na mamlaka ya namna hiyo, barua huelekezwa kwa shirika la viwango, wizara inayohusika na uchukuzi au chombo cha kumlinda mlaji, na nakala ikaenda makao makuu ya mtengenezaji kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa.

Usidhani kwamba taarifa inayotoka mbali na kiwanda haina uzito. Tairi za Firestone zilizokuwa zikibanduka sehemu ya juu na kuyapindua magari ya Ford Explorer zilikwisha kubadilishwa kwa wateja wa Saudi Arabia na Venezuela kabla ya tairi milioni 6.5 kuitwa zirudi nchini Marekani mwezi Agosti mwaka 2000. Wamarekani walipogundua kwamba wenzao wa nchi nyingine walikuwa wametangulia kuhudumiwa, bunge lao lilipitisha sheria mwaka huohuo inayowalazimisha watengenezaji kuiarifu serikali wanapoyaita magari ya namna hiyo katika nchi za nje. Malalamiko ya dereva wa nchi moja, kwa hiyo, yanaweza kumwokoa dereva wa bara jingine ambaye hatawahi kulisikia jina lake.

Kabla hujaandika lolote, hata hivyo, ingiza namba yako ya chesisi katika tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lako halijaitwa tayari. Wewe ulilinunua likiwa limekwisha kutumika, na barua za wito, yaani za kuliita gari lirudi kutengenezwa, hupelekwa kwa mmiliki aliyeandikishwa, ambaye pengine aliliuza zamani. Hilo ndilo lililoniumiza katika habari za mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo iliitwa irudi kwa mamilioni duniani, takriban milioni 67 Marekani pekee. Kemikali ya kuijaza hewa mifuko hiyo, amonia naitreti, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mwishowe kifaa chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwenye uso na kifua cha aliyeketi. Hatari huongezeka gari linavyozeeka katika hali ya hewa ya joto, yaani wakati uleule ambapo limekwisha kupita katika mikono ya watu kadhaa na barua ya wito imepotelea njiani. Wito hulifuata gari. Mmiliki wa tatu ana haki ileile ya kutengenezewa aliyokuwa nayo wa kwanza, na matengenezo hayo hayalipiwi. Sheria ya Marekani inaiweka haki hiyo kwa miaka 15 tangu gari liliponunuliwa likiwa jipya. Ukiwa umelipia matengenezo ya kasoro hiyohiyo kabla ya wito kutolewa, risiti ndiyo itakayokuwezesha kudai fedha zako.

Ninalokuomba kuliko yote ni kwamba usiache kuandika hata kama gari litapona wiki ijayo. Wengi hunyamaza wakishapata nafuu, na kunyamaza kwao kunaifanya idadi ya waliolalamika iwe ndogo kuliko idadi ya waliodhurika. Yupo mtu mahali fulani anayeendesha gari kama lako akiwa na watoto kiti cha nyuma, naye ameambiwa kuwa ni wa kwanza.

Wakati unasubiri, usiliendeshe katika barabara za kasi. Kama huna budi kulitumia kwa safari fupi, toa vitu vyote kwenye shada, ubaki na ufunguo wa gari peke yake. Ndivyo General Motors ilivyowashauri wateja wake walipokuwa wakisubiri swichi mpya, na tahadhari hiyo haina gharama. Likizimika tena, kumbuka kwamba usukani bado unageuka ukiushika kwa nguvu, na breki bado zinafanya kazi ukizikanyaga kwa mkazo mmoja bila kuziachia.

Niandikie rasimu ya taarifa yako kabla ya kuituma, nami nitaisoma siku hiyohiyo na kukurudishia na maoni. Niambie pia, kama fundi amekwisha kubadilisha kifaa chochote, kile cha zamani kiko wapi sasa, na kama bado kiko gereji, tafadhali kakichukue kesho asubuhi.

Rafiki yako akupendaye,

Mwanaidi