Maua ya kukausha: ufanye nini tangu mbegu hadi kutundika

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na ile orodha ya mbegu nimeisoma yote. Ipunguze. Kwa kuanzia chukua nne tu: helikrisamu, statisi, gomfrena na selosia. Hizi huwa na ukavu wake tangu zikiwa bado shambani, ndiyo maana zikitundikwa hazipotezi umbo wala rangi. Zinia panda kwa ajili ya chombo cha maji mezani. Ukiitundika ikauke, petali hujikunja na kupauka.

Sasa mbegu. Helikrisamu ni ndogo mno na inataka mwanga ndipo iote. Wengi hulalamika kwamba wameuziwa mbegu mbovu, kumbe wamezifukia. Imwage juu ya udongo ulioloa, igandamize kwa kiganja, uiache hivyo hivyo. Ikipata joto la nyuzi 20 hivi, itachomoza baada ya siku 7 hadi 10. Gomfrena imevaa kitu kama sufi kinachozuia maji kuingia, kwa hiyo iloweke usiku kucha, kisha ifunike kwa udongo wa milimita 3 hivi. Nayo ni mvivu: huenda ikachukua wiki mbili, na kwenye baridi haitoki kabisa. Statisi mara nyingi huuzwa ikiwa bado ndani ya makapi yake, na kitonge kimoja kinaweza kutoa mche zaidi ya mmoja. Acha ulio na nguvu, wa pili uukate kwa mkasi. Ukiung'oa utatikisa mizizi ya mwenzake. Selosia haina maneno, ni ya ukoo mmoja na mchicha na mbegu zake zinang'aa vilevile.

Usimwagilie trei kwa juu, maji yatasomba mbegu zote pembeni. Iweke ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, ifyonze yenyewe kutoka chini, na uso wa udongo ukishakuwa mweusi uitoe. Ukiifunika kwa plastiki ili kutunza unyevu, ondoa plastiki hiyo siku ile ile utakapoona miche ya kwanza. Hapo ndipo kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoangusha miche michanga, huingilia. Jioni mche umesimama vizuri, asubuhi umelala, na ukiuangalia kwa karibu utaona shina limenywea pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba kama uzi. Kuvu wake hupenda udongo uliolowa muda wote, miche iliyosongamana na hewa iliyotuama. Mche ulioanguka haufufuki, usipoteze dawa. Chota eneo lote lililougua pamoja na udongo wake, acha uso ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na punguza miche iliyobaki. Na trei ya zamani usiitumie kabla hujaiosha.

Miche ikirefuka na kuwa myembamba huku inainamia upande mmoja, tatizo ni mwanga mdogo. Mbolea itaizidishia ulegevu tu.

Kabla ya kuipeleka bustanini, izoeshe jua na upepo taratibu kwa siku 7 hadi 10. Selosia usiicheleweshe kwenye trei. Mizizi ikishabanwa, hudhani maisha yamefika mwisho, ikatoa ua dogo juu ya mche wa kimo cha kidole, na hata ukiipa nafasi baadaye hairudi kuwa kubwa. Statisi nayo ihamishe mapema kwa sababu ina mzizi mrefu usiopenda kusumbuliwa. Nafasi ya sentimita 25 hadi 30 inatosha kwa zote nne. Ukibana zaidi ya hapo hewa haipiti, na ukungu utaanzia kwenye majani ya chini.

Helikrisamu na gomfrena zikifika sentimita 20 hivi, kata ncha juu ya jozi ya tatu au ya nne ya majani. Utachelewa kidogo kupata ua la kwanza, lakini utapata mashina mengi marefu badala ya moja nene. Statisi usiikate, majani yake hukaa chini kama kisahani na mashina ya maua huinuka yenyewe. Selosia ya kichwa kimoja kikubwa kama upanga wa jogoo nayo iache, la sivyo kichwa hicho hutakipata. Samadi iliyooza vizuri iwe kiasi. Ikizidi, utavuna majani na mashina laini yanayopinda yakikaushwa.

Kukata ndiyo kazi yenyewe, na kila ua lina wakati wake. Kata umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Helikrisamu ikatwe mapema kuliko macho yako yanavyotaka: safu mbili au tatu za nje zimefunguka, katikati bado pamefumba. Itaendelea kufunguka ikiwa imetundikwa. Ukingoja hadi uone kitovu cha njano, itapinduka kinyumenyume, kitovu kigeuke kahawia na kumwaga manyoya. Statisi ni kinyume chake, haifunguki tena baada ya kukatwa, kwa hiyo subiri karibu vikombe vyote vya maua viwe na rangi. Vile vijiua vyeupe vilivyo ndani visikusumbue vikidondoka, rangi inayobaki ni ya kile kikombe cha nje. Gomfrena iwe imejaa, duara na ngumu ukiibana, maana ikizeeka huanza kumeguka kutoka chini. Selosia ipigepige kidogo juu ya karatasi: mbegu nyeusi zikianguka, umeanza kuchelewa. Na zinia yako ya mezani, shika shina sentimita 20 chini ya ua, ulitikise. Shingo ikilegea, iache, kwa sababu ikikatwa hivyo itainama kwenye maji na haitainuka.

Shina la helikrisamu likikauka halibebi kichwa chake. Siku ile ile ya kukata, likiwa bado bichi, kata kichwa ukiacha shina la sentimita 2, chomeka waya mwembamba kutokea chini hadi karibu na kitovu. Shina litakaponywea litaushika waya lenyewe, huhitaji gundi.

Mengine yaondolee majani, funga mashina 8 hadi 10 kwa raba bendi, tundika vichwa vikiangalia chini mahali pakavu, penye giza na hewa inayotembea. Kamba haifai kwa sababu mashina hupungua unene na fungu lote huporomoka. Mafungu makubwa huoza katikati huku nje yakionekana mazuri. Wiki mbili au tatu hivi, jaribu kuvunja shina: likikatika kwa mlio, tayari, likipinda, bado. Vichwa vya selosia vilivyo vinene vinachelewa, usivihukumu kwa shina peke yake.

Hifadhi kwenye boksi la karatasi, mbali na jua. Mfuko wa plastiki uliofungwa utakuletea ukungu kama kuna unyevu wowote uliobaki. Na usishtuke siku ya hewa nzito ukikuta helikrisamu zimejifumba ndani ya boksi. Magamba yake hunyonya unyevu na kufunga, hewa ikikauka hufunguka tena. Zikifumba mara kwa mara, hamisha boksi.

Ukitaka kwa lazima zinia kavu, ifukie kwenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) iliyo ndogo ndogo, ndani ya kopo linalofunga kabisa, uiangalie baada ya siku 4 au 5. Imimine jeli polepole kuzunguka petali, na usivute vumbi lake.

Niandikie trei zikishaota, uniambie ni ipi inayokusumbua.

Wako daima