YAH: Printa yenu inaandika ng'ombe kwa Kichina

Kwa meneja mauzo,

Habari za kazi. Mimi ni yule mama wa bucha na jiko la nyama choma, mwezi uliopita nilichukua kwenu printa ya risiti ya milimita 80, boksi limeandikwa ESC/POS, yaani ile lugha ya amri za printa za risiti iliyoanzia Epson, na kijana wenu wa kaunta akaniapia ni sawasawa na Epson, we chomeka tu utumie. Nimechomeka. Sio sawasawa.

(Risiti za TRA natoa kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hii ni ya tiketi za oda tu.)

Tuanze na ng'ombe. Wahudumu wanaandika oda kwenye simu, na simu inaweka ile apostrofi ya kupinda. Epson yangu ya zamani ilikuwa inatoa vialama vitatu vya ajabu pale katikati lakini ng na ombe zinasomeka, mpishi anaelewa. Ya kwenu inachapa herufi mbili za Kichina na inameza na o kabisa, inabaki ng, Kichina, mbe! Mpishi kashika tiketi ananiuliza mama hii supu ya nini. Fundi anasema imetoka kiwandani ikiwa kwenye modi ya Kichina, kwa hiyo inaunganisha baiti (vile vipande vya data inavyotumiwa) mbili mbili kuwa herufi moja, akaituma amri ya kuizima, 1C 2E, ikatii vizuri tu mpaka umeme ulipokatika, kurudi imeshasahau.

Kukata karatasi ndo kumenitoa machozi. Programu yangu ya oda inatuma amri ya GS V 66, ambayo kwa Epson maana yake sukuma kwanza karatasi ifike kwenye kisu halafu kata. Yenu inakata hapo hapo, mistari ya mwisho yenye jumla inabaki ndani na inakuja kutokea juu ya tiketi inayofuata. Juzi kaka wa mishikaki miwili kapelekewa jumla ya meza ya watu nane, matusi niliyokula nayajua mwenyewe.

Sasa mniwekee famwea, ile programu ya ndani ya printa yenyewe, inayowaka bila Kichina na inayosukuma kabla ya kukata, au mnirudishie hela yangu. Na msiniambie nibadilishe programu, niliuziwa printa inayoielewa hiyo hiyo. Jumatatu naileta na boksi lake pamoja na karatasi ya self-test, ile printa inayojichapia mipangilio yake, Kichina kimeandikwa pale kuwa kimewashwa. Risiti yenu pia ninayo, hiyo jumla yake haijakatwa.

Mama wa bucha