Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wahudumu wa Afya ya Jamii, Tandahimba

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya kazi moja tu, ya kuwakumbusha wajawazito kliniki kwa simu, kwa sababu ndiyo iliyotufunza zaidi mwaka huu.

Kwamba simu inasaidia halina ubishi. Utafiti uliofanyika Zanzibar mwaka 2009 na 2010, kwa wajawazito zaidi ya 2,500, ulionyesha kuwa asilimia 44 ya waliotumiwa ujumbe na vocha walihudhuria kliniki mara 4 au zaidi, na kwa wenzao ambao hawakutumiwa ni asilimia 31. Ni hatua kubwa. Lakini itazameni namba hiyo tena: hata waliopata ujumbe, zaidi ya nusu hawakufikisha 4, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza 8. Hao waliobaki ndio kazi yetu.

Kwetu sababu mojawapo mnaijua: simu nyingi si za akina mama. Ni za waume, na msimu wa korosho zinashinda shambani bila chaji wala mtandao. Korosho zikishalipwa, watu wananunua simu na laini mpya, na namba tulizoandika daftarini zinakufa. Kwa hiyo namba zihakikiwe kila msimu ukiisha, na tangu siku ya kwanza tumuulize mama: simu hii ni ya nani, na anaridhia tuipigie? Ujumbe utaje tarehe ya kliniki tu. Majibu ya vipimo, hasa vya VVU na kaswende, hayapiti kwenye simu ya mtu mwingine hata kidogo. Hapa sitaki mjadala. Siri ikivuja mara moja, kijiji kizima hakitatuamini.

Anayeweza kupiga, apige. Wapo wasiosoma, na wapo wanaosoma lakini wana hofu. Ongea naye Kimakonde, msubiri aulize. Mueleze kwamba SP, vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito, huanza baada ya wiki ya 13 na dozi hupishana mwezi, ndiyo maana tarehe moja ikipita bure si jambo dogo, tena katika mkoa wenye malaria kama wetu. Na msisitizeni mwanzo wa mapema, kabla ya wiki 12. Bado wengi wanangoja tumbo lionekane.

Kutokwa damu, degedege, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu havingoji tarehe. Namba 115 ya mfumo wa m-mama ni bure, na usafiri wa dharura wa kumpeleka mama hospitali unaitwa kupitia hapo. Iwemo kwenye simu ya mume, ya mama mkwe na ya jirani.

Naomba mkutano upitishe sehemu ya ada iwe ya vocha za wahudumu. Wengi wenu mmepiga simu hizi kwa fedha za mboga za watoto wenu, na chama hakiwezi kuendelea kuliacha hivyo.