Wauza simu za mtumba, andikeni namba ya modeli kwenye risiti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauzaji wa simu za mtumba. Mimi ni fundi simu hapa Kariakoo, na kila wiki napokea mteja aliyeuziwa jina la simu bila kuambiwa ni simu ipi hasa.

Wa karibuni ni mama aliyeleta Galaxy S8 kutoka Marekani. Tundu la chaji limekufa, na akiweka laini yake simu inadai namba ya kufungulia mtandao. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, haina tatizo, simu ni halali kabisa, ila ilifungwa na kampuni ya simu ya huko ilikotoka. Tundu la S8 nililokuwa nalo dukani halikuingia. Yake ni SM-G950U, toleo la kampuni za Marekani. Langu lilikuwa la SM-G950F, iliyouzwa nchi nyingi nyingine. Kwa nje ni shilingi kwa ya pili. Ndani hata prosesa, chipu inayoendesha simu, si moja: U ina Snapdragon 835, F ina Exynos 8895. Mama alirudi kwa aliyemuuzia, akajibiwa, "S8 ni S8." Si kweli, na muuzaji anajua si kweli.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 2010 Samsung ilipotoa Galaxy S ya kwanza, kila kampuni ya Marekani ilitaka ya kwake. AT&T ikauza Captivate, T-Mobile Vibrant, Verizon Fascinate, Sprint Epic 4G. Prosesa ileile, kioo kilekile cha inchi 4. Lakini Epic ilipewa kibodi ya kuvuta na kamera ya mbele, ambayo wenzake watatu walinyimwa. Captivate ilizuiwa isipokee programu zilizotoka nje ya soko la Google. Fascinate na Epic hazikuwa na mahali pa kuweka laini, kwa sababu mitandao yao ilikuwa ya CDMA, teknolojia ambayo huko haikutumia laini ya kuchomeka. Aliyetumiwa moja na ndugu yake hakuweza kuiwekea laini yake hapa kwetu, hata afanyeje. Na kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na toleo lake la programu, Android 2.2 iliyofika Ulaya mwishoni mwa 2010 Wamarekani waliisubiri hadi 2011.

Kubadili jina peke yake hakunisumbui. Huawei Ideos iliyowapa Wakenya wengi simu janja ya kwanza kupitia Safaricom mwaka 2011 iliuzwa Marekani na T-Mobile kwa jina la Comet, na haikumdhuru mtu. Kinachoniuma ni mteja kulipa akiba yake yote huku tofauti anayoijua muuzaji ikifichwa.

Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, izime simu bandia mwaka 2016, watu wamezoea kubonyeza *#06# waone IMEI. Ni jambo jema, lakini namba ile haimwambii mnunuzi kama simu imefungwa. Naiomba mamlaka iwatake wauzaji waandike modeli nzima kwenye risiti, herufi ya mwisho ikiwemo, na waseme kama simu imefunguliwa.

Kwa sasa, ndugu mnunuzi, kabla hujatoa hela fungua Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, usome modeli. Kisha weka laini yako mwenyewe, upige simu palepale dukani.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam