Wenye maduka, tuambieni kama mashine ni ya DC

Mhariri,

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi huniletea mashine mpya za TIG (za kuchomelea kwa umeme, zenye sindano ya tangsteni na gesi ya kukinga) hapa Kibuye, Kisumu, wakilalamika kwamba alumini haishiki. Nikikagua, nyingi ni za DC pekee, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Hizo huchomelea chuma na stenlesi vizuri sana, ila muuzaji hakusema zinaishia hapo. Na pesa zenyewe mara nyingi ni mkopo wa chama!

Alumini huvaa utando wa oksaidi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, utando huo hungoja zaidi ya 2,000. Kwa DC ya kawaida, utaona ndani pameyeyuka huku juu pamekunjamana kama maziwa yaliyoganda. Mkondo wa AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo mara kwa mara, huubomoa utando kila unapogeuka, ndiyo maana anayetaka kuziba mikebe ya maziwa au kava za injini za bodaboda hana budi kutafuta mashine ya AC/DC. Ni ghali zaidi, najua. Heri angoje aongeze akiba.

Gesi iwe agoni safi. Ile yenye kaboni dioksaidi huunguza tangsteni. Pedali ya mguu pia ina faida kubwa, kwa kuwa alumini hutaka moto mwingi mwanzoni, kisha upunguzwe kipande kikishapata joto.

Naomba wenye maduka waandike AC au DC kando ya bei, kwa herufi kubwa.

Fundi wa kuchomelea,
Kibuye, Kisumu