Barua kwa mwanangu anayekwenda milimani

Mwanangu kipenzi,

Baba yako ameniambia umeshalipia safari: wiki nzima milimani, mtalala nyumbani kwa wanakijiji, mtapanda farasi, na siku ya nne mtatembea hadi kwenye theluji. Nimefurahi kweli. Sikuandikii ili nikuzuie. Kuna jambo lililonipata huko juu ambalo sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na umri kama wako. Asubuhi jua lilikuwa kali, nikavaa fulana ya pamba na koti jepesi. Tulipanda mbiombio, jasho likanilowesha mgongo wote. Adhuhuri wingu likatushukia, na upepo juu yake. Nikatetemeka hadi meno yakagongana, ila nikanyamaza, sikutaka wenzangu wacheleweshwe na mimi. Nilipotaka kufunga zipu ya koti, vidole vilikataa. Kile kichuma kidogo nilikuwa nakiona kabisa, nisiweze kukishika. Kisha kutetemeka kukakoma, nikajisikia vizuri, nikataka kukaa nisinzie kidogo. Mwenyeji aliyetuongoza alinitazama usoni mara moja tu, akasema tunarudi. Akanivua ile fulana, akanivika sweta lake la sufu, tukashuka.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili nayo huanza kupotea. Anayeganda huwa wa mwisho kujua kwamba anaganda. Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, useme. Ukitetemeka, sema. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, sema pia, maana kuanzia mita 2,500 hivi hewa nyepesi humwangusha hata kijana mwenye mbio kama wewe. Mkipita mita 3,000, kila usiku msilale juu ya mlipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Dalili zikikujia usipande tena. Zikizidi, shuka, hata kama ni usiku.

Pamba iache nyumbani. Sufu hutunza joto hata ikilowa. Vaa nguo nyepesi kadhaa, na uvue moja kabla jasho halijakutoka. Usidanganywe na jua la kijijini, kila mkipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Miwani ya jua usiisahau, theluji huunguza macho. Simu iweke ndani ya nguo, baridi humaliza chaji.

Kwa wenyeji wako, ingia kama mgeni wa nyumba, si kama mteja wa hoteli. Piga hodi, shika kazi wanayoshika, omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha. Mimi kilele nimekisahau, lakini jioni nilizokaa karibu na moto nikiwasikiliza bado ninazo. Hao ndio wanaoujua ule mlima. Wakisema leo hakupandiki, basi hakupandiki, hata kama mbingu imetakata na pesa zimeshalipwa. Na farasi wao mwachie achague pa kukanyaga. Wewe inama mbele mnapopanda, na mkishuka jirudishe nyuma kidogo.

Siku hiyo ya nne, kabla hamjatoka, vaa glavu kisha ujaribu kufunga zipu ya koti lako. Ikifungika bila kuzivua, niandikie ujumbe, nilale.

Mama yako